Kivuli cha Mama Mkwe

Alhamisi, 3 Agosti

Mama mkwe ametangaza: Jumamosi ukoo mzima unashinda kwenye mji wa pwani. Magoti yanamsumbua, anataka kivuli karibu na maji. Atakayempatia ndiye atakayeongoza safari zote za familia. Mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, akadakia kwamba yeye ana mwavuli. Mwavuli! Yeye ana gari na mwavuli. Mimi nina akili. Tutaona.

Ijumaa, 4 Agosti

Kazini nimedai naumwa tumbo. Basi la alfajiri, moja kwa moja ufukweni. Umati umebanana juu kabisa, ukutani, kama dagaa. Chini kwenye maji, mchanga mtupu, tambarare, wa bure! Binadamu ni kondoo, nimelisema hili miaka mingi. Nikachimbia nguzo nne, nikafunga shuka mpya ya mke wangu, nikatundika kibao: PAMECHUKULIWA. Muuza aiskrimu alicheka hadi akapaliwa, akaniuliza kama mama mkwe anajua kuogelea. Nikamwambia ashike adabu na aiskrimu yake.

Jumamosi, 5 Agosti

Niliwaongoza wote, kifua mbele. Bahari imehamia kwangu! Zilionekana ncha nne tu na kibao. Mke wangu akauliza ile inayoelea ni shuka ya nani; nikajitosa kuiwahi. Mwanyumba akafungua mwavuli polepole, mnafiki mkubwa. Mama mkwe akakaa chini yake, akanisihi: mwanangu, toka majini, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikamjibu kwamba methali hiyo ilitungwa na walioshindwa. Sikutoka. Nilishikilia kibao, maji kifuani, watoto wa watu wakinipiga picha. Jioni maji yakarudi kwao. Kivuli changu kikasimama pakavu, imara, peke yake! Nikageuka kuwaita. Walikuwa wanapakia gari. Jua nalo lilikuwa limezama.

Jumapili, 6 Agosti

Mafua. Mke wangu anadai shuka yake. Uongozi amepewa mwanyumba, ambaye ndiye aliyepanga saa ya kufika, maji yakiwa yamejaa. Hakuna atakayeniambia ilikuwa bahati tu! Hata hivyo, mtu mzima hujikosoa. Nimelichunguza kosa langu bila kujipendelea. Nguzo zilikuwa fupi.

Safari nyingine ni mwezi ujao. Nimeshapata ndefu. Na mama mkwe ana shuka moja pana ajabu, imeanikwa pale uani kwake.