Taa Sita na Shikamoo Moja

Jumatano, Juni 3
Shemeji kanifunga tena kwenye gemu ya mpira. Mabao matano! Mdogo wa mke wangu, mtoto wa juzi, niliyemfundisha mwenyewe kushika padi ya kuchezea! Sasa kaweka dau: Jumapili, atakayefungwa atamwamkia mwenzake shikamoo mwaka mzima. Nimekubali. Mimi, mwenye mvi! Nitatia taa za rangi kwenye vitufe vya padi yangu. Zitampumbaza, asahau hata goli liko wapi. Akili ni mali.

Alhamisi, Juni 4
Taa sita nimeshalehemu. Zinataka umeme. Nikaazima betri ya saa ya ukutani. Haikuwaka hata moja! Saa ikasimama, mke wangu akachelewa kazini. Amesema nikigusa tena kitu chake, nitalala na padi sebuleni.

Ijumaa, Juni 5
Nikaunganisha taa na betri ya padi yenyewe. Zikawaka! Nikarukaruka. Nikajaribu mechi, padi ikazimika kabla ya mapumziko. Taa zimekunywa umeme wote. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, ameuliza kama nina homa.

Jumamosi, Juni 6
Nimeula! Ndani ya padi kuna mota ndogo ya kuitetemesha. Nyaya zake zina umeme, tena wa bure. Nikaunga taa hapo, nikabonyeza "jaribu mtetemo" kwenye menyu ya gemu. Zote sita! Mechi ya majaribio ya nini tena? Shemeji kwisha habari yake.

Jumapili, Juni 7
Majirani wamejaa sebuleni. Mechi ikaanza: taa zote giza. Nikabonyeza, nikatikisa: giza. Shemeji akafunga bao. Padi ikatetemeka, taa zikawaka! Ndipo nikaelewa. Mota hupata umeme padi ikitetemeka tu, na kwenye gemu hii padi hutetemeka ukifungwa tu. Mama mkwe akapiga makofi, akaomba ziwashwe tena. Shemeji, kijana mtiifu, akaziwasha mpaka mabao yakafika saba. Mke wangu mwenyewe alipiga vigelegele kila nilipofungwa! La saba hata mimi nilishangilia. Zilipendeza mno, jamani.

Jumatatu, Juni 8
Asubuhi nimetoa shikamoo. Shemeji akaivuta marahaba yake mpaka chai ikapoa, kisha akaniuliza masomo yanaendeleaje. Mama mkwe amesema haondoki mpaka turudie. Basi nimekaa, nimetafakari kwa kina, kosa nimeliona. Taa sita ni chache. Nimeagiza ishirini.