Mpini wa Bastola ya Baba Mkwe

Jumamosi, 11 Novemba

Risasi sita, matundu mawili. Moja nimelitoboa kwenye shabaha ya shemeji Lowell, tuliyesimama naye bega kwa bega uwanjani, akaongezewa alama. Kanishukuru mbele ya watu. Hata hivyo nafurahi, maana ugonjwa nimeujua: ni mpini! Bastola ya marehemu baba mkwe Orrin bado ina mpini wa kiwandani, vibao viwili vyembamba vya mti wa jozi, vinateleza kama sabuni. Nadine, mke wangu, kasema mpini hauna kosa, ila mimi hufumba macho yote mawili. Mbaazi ukikosa maua, kasema, husingizia jua. Nina bahati ya mke anayeniangalia kwa makini.

Jumamosi ijayo klabu yetu ya shabaha inashindania bata mzinga. Katika ukoo huu anayeleta bata ndiye anayemkata mezani siku ya Sikukuu ya Shukrani, tena akiwa kwenye kiti cha Orrin. Miaka mitatu mfululizo amekata Lowell, mdogo wake Nadine. Anakata huku ananitazama. Mwaka huu kiti ni changu.

Jumatatu, 13 Novemba

Mpini wa mpira umefika kwa posta. Mnene! Una mabonde ya vidole, ila vidole ni vya mtu mwingine: changu kidogo kimekosa makazi. Bastola haiingii kwenye ala yake. Nimeilazimisha. Imeingia, imegoma kutoka. Nashukuru haikuwa na risasi, na nashukuru mafuta ya kupikia, ambayo Nadine kayamimina.

Jumatano, 15 Novemba

Lowell kaja na mpini wa pembe ya kulungu, mweupe, umekaa kwenye kitambaa kama pete ya uchumba. Kasema mpira ni wa matairi. Kasema ananionea huruma, nichukue pembe, nimpe vile vibao chakavu tu. Nimempa kabla hajageuza nia. Nimemwombea na dua. Kumbe shemeji ana moyo!

Alhamisi, 16 Novemba

Nimempelekea bastola Mzee Halvorsen, fundi bunduki wetu, anikazie skrubu ya pembe. Kauliza vibao viko wapi. Nimemweleza. Kavua miwani.

"Merle, baba, umempa Lowell cheti cha kuzaliwa cha bastola."

Kumbe kiwandani walikuwa wakiandika namba ya bastola kwa penseli, ndani ya kibao. Wanunuzi wanaojua hufungua mpini kwanza, wasome. Bila vibao vyake bastola ni yatima. Tena, kasema Mzee, Lowell keshajigamba kwake: siku ya sikukuu ataviweka mezani mbele ya Nadine na kuuliza, aliyeshindwa kutunza vibao atatunzaje bastola ya baba? Na Nadine ndiye aliyerithi, akaniamini niitunze. Nimeogopa kweli. Sina kitu kingine cha ukoo huu walichowahi kunikabidhi.

Nimekwenda kwa Lowell na pembe zake. Kakubali kubadilishana, ila nisishiriki mashindano. Kiti au vibao. Nimechagua vibao. Nimeona uchungu, lakini nimechagua.

Ijumaa, 17 Novemba

Vimerudi ndani ya soksi. Namba ipo, inasomeka! Nimevifunga, nikavibusu. Nadine nimemwambia mgongo unaniuma, sitapiga shabaha. Hajui lolote. Alhamdulillahi, angesema yule Mlebanoni wa duka la vyuma, naye huwa hakosei.

Jumamosi, 18 Novemba

Nadine kasema jina la nyumba yetu limeshaandikishwa, haliwezi kupotea bure. Kachukua bastola, kaenda mwenyewe. Ana mkono mdogo wa baba yake, na vile vibao vimekaa humo vizuri. Sita kwa sita! Lowell kapata tano. Bata ratili ishirini. Nimelia kidogo, nikasema ni mgongo.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu. Watu kumi na wanne. Nadine kwenye kiti cha Orrin, kisu cha baba yake mkononi. Kama kawaida, kabla ya kula kila mmoja anataja anachoshukuru. Lowell kashukuru afya, kwa sauti ndogo. Zamu yangu moyo ulikuwa umejaa. Nimemshukuru Mungu, nimemshukuru Nadine, na nimemshukuru shemeji Lowell kwa kunirudishia vibao vya baba.

Nadine kaweka kisu chini. Kauliza vibao gani. Nimeeleza vyote, maana nilishaanza.

Lowell kakatiwa shingo ya bata. Mimi nimekatiwa mgongo, kwa kuwa ndio unaoniuma, na vyombo vyote ni vyangu hadi Krismasi. Bastola imehamia kabati la Nadine, na ufunguo anao yeye. Nashukuru hakunifukuza.

Wakati wa kuosha nimekitazama kile kisu cha Orrin. Mpini wa kiwandani, mbao tupu, unateleza! Nimeshafungua skrubu mbili. Lowell alikuwa anafuta sahani. Kasema anao wa pembe, na huu wa zamani yuko tayari kuuchukua, anisaidie tu. Mungu ambariki.