Chujio Lisiloziba na Juane ya Zoraida

Alhamisi, 20 Juni. Bandari ya Yurimaguas, kesho twashuka mto hadi Iquitos.

Nimepinduliwa! Na kopo la chuma!

Nahodha Pinchi kafunga chujio jipya la oili, ati linajisafisha lenyewe. Mimi Hermógenes, fundi wa injini ya meli ya Reina Felipa tangu nilipokuwa na meno yote, kazi yangu sasa ni kulitazama. Ndani mna vichujio vyembamba kama mishumaa. Kuna mkono unaozunguka polepole, unafikia mshumaa mmoja mmoja. Ukifika, oili safi inarudi kinyumenyume kupitia mshumaa huo, inasukuma masizi nje kwa bomba jembamba mpaka kwenye debe la uchafu. Mishumaa mingine inaendelea kuchuja. Injini haisimami.

Haisimami! Huo ndio msiba.

Chujio la zamani liliziba kila safari, na kila safari liliziba mbele ya kijiji cha Santa Tomasa. Miujiza ya Mungu. Nikilisugua, mjane Zoraida ananiletea samaki wa kuchoma na maneno matamu. Jumatatu ni sikukuu ya San Juan, na mto mzima utakula juane, wali na kuku ndani ya jani. Zoraida kaniahidi yangu itakuwa na yai zima. Yai zima! Mwanamke hampi mwanamume yai zima bure.

Lakini Sangama, fundi wa meli ya Rosaura inayotufuata nyuma, naye anamezea mate. Juane na mpishi wake.

Ijumaa, 21 Juni. Mtoni.

Nimemwambia nahodha chujio ni bovu, itabidi tusimame Santa Tomasa. Kashuka, katazama geji, kaniambia chujio hili lina adabu kuliko mimi, na halijawahi kumtongoza mtu.

Mchana tumesimama kumchukua mzee mmoja na nguruwe wake, kisa kapunga shati ukingoni. Ndiyo sheria ya mto: anayepunga kitambaa, meli inampindia. Nguruwe wanasimamishiwa meli! Mimi je?

Jumamosi, 22 Juni.

Akili za uzeeni ni dhahabu. Nimekwangua masizi ya masufuria yote ya Mama Etelvina, mpishi wetu, nikayamimina kwenye oili. Liache lizibe!

Jioni nikachungulia. Debe la uchafu limejaa nusu. Chujio limeyatapika na linaendelea kuzunguka, halina hata aibu. Mama Etelvina kauliza nani kamng'arishia masufuria. Nikasema ni mimi, kwa heshima yake. Kanitazama kama anayetazama samaki wa juzi. Akasema, "Babu wewe, ukitenda wema najua kuna kitu kimeharibika."

Jumapili, 23 Juni.

Nimegundua! Mwenye kutapika mzibe mdomo. Kwenye lile bomba la uchafu kuna koki ndogo. Nimeifunga. Sasa mkono utazunguka weee, lakini uchafu hauna pa kutokea. Kwa hesabu zangu litaziba kesho asubuhi, mbele ya mlango wa Zoraida. Nimenyoa ndevu.

Jumatatu, 24 Juni. San Juan.

Limeziba alfajiri. Mapema mno! Masizi ya masufuria hayakuwa yameisha kutoka. Taa nyekundu, king'ora, nahodha kazima injini, tumefungwa kwenye mti mahali pasipo hata kuku. Mbu tu. Santa Tomasa bado mbali, nyuma ya kona mbili za mto.

Nahodha kaiona koki. Kanipa brashi na ndoo ya dizeli, nisugue mishumaa yote kwa mkono.

Nikiwa mweusi mpaka masikioni, Rosaura ikatupita, ngoma inalia. Ikashuka hadi Santa Tomasa. Ikageuka, ikarudi kutuuliza kama tunataka kuvutwa. Na kwenye sitaha, karibu na Sangama, nani? Zoraida! Akaniita kwa sauti, ati tangu asubuhi alikuwa ukingoni anapunga kitambaa cheupe, akiisubiri Reina Felipa ili aende Iquitos nami. "Mbona hukutokea, Don Hermo? Mkono ukaniuma, nikapanda iliyokuja!"

Akanirushia juane yangu. Mikono ina oili. Ikaniteleza, Mama Etelvina akaidaka. Kaila yote mbele yangu. Kathibitisha kwamba yai lilikuwa zima.

Jumanne, 25 Juni. Iquitos.

Mama Etelvina kanihurumia. Kanipa kitambaa cheupe, safi, kakipiga pasi. Kasema nimpelekee Zoraida nimwombe msamaha, na kila safari akipunge, meli itasimama yenyewe bila mtu kugusa koki. Kasema hata nguruwe wamelielewa hilo.

Nimekaa nikafikiri sana. Kosa langu nimeliona. Nilichagua chujio lisilo sahihi! La oili lina kiburi. Injini inalo na la dizeli, jipya vilevile, linajisafisha vilevile, ila koki yake iko nyuma ya tangi, nahodha hawezi kuinama kule na kitambi chake.

Koki hiyo ilikuwa imekamata kwa uchafu. Nimeifuta kwa kile kitambaa. Sasa inafungika kilaini kama siagi.