Masikio ya Kamishna

Jumanne, 4 Juni

Kamishna anajikuna. Tangu asubuhi mguu wa nyuma uko sikioni, tak-tak-tak, kama cherehani mbovu. Akichoka kujikuna anatikisa kichwa mpaka masikio yanapiga makofi.

Kamishna ni paka wa mama mkwe. Dume la rangi ya chungwa, zito kama mfuko wa saruji, lenye dharau. Mama mkwe amekwenda kumuuguza dada yake, mwezi mzima, na paka akaniachia mimi. Mimi! Hakumpa mwanyumba wangu, yule fundi wa kuchomelea vyuma aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Mwanyumba ndiye aliyemtengenezea mama mkwe geti, madirisha na kitanda. Kila tukikutana tunahadithiwa lile geti. Nilipokabidhiwa paka nilijua zamu yangu imefika.

Sharti lilikuwa moja: asitoke nje. Kwenye simu nimemhakikishia mama mkwe kwamba Kamishna hata mlango haujui. Ukweli, kila asubuhi namtoa uani nyuma ya saluni yangu ya kunyolea. Nifanyeje? Ndani analala kwenye kiti cha wateja na hakuna mteja anayethubutu kumwondoa. Huko uani kuna paka wa jalalani, na wote wanajikuna. Nilidhani ni tabia yao.

Mke wangu amemfunua sikio. Uchafu mweusi, mkavu, kama kahawa inayobaki chini ya kikombe. Amesema mpeleke kwa daktari wa wanyama. Haiwezekani! Daktari huyo na mama mkwe ni majirani ukuta kwa ukuta. Habari ingefika kabla sijafunga mlango. Nitamtibu mwenyewe. Miaka mingapi nanyoa pembezoni mwa masikio ya watu? Nani anayajua kunizidi?


Jumatano, 5 Juni

Afadhali nisingeandika leo. Naandika.

Mpango ulikuwa safi. Kumkalisha Kamishna kwenye kiti, kumfunga kitambaa cha wateja shingoni, pamba kidogo, spiriti kidogo, kwisha. Spiriti inaua kila kitu, ndiyo maana tunapaka vichwa.

Kwenye kiti cha pili alikaa bwana harusi. Anaoa Jumamosi. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia, nikamwomba dakika moja tu, nimhudumie mteja mwingine. Akacheka. Alikuwa mtu mchangamfu, wakati ule.

Tone moja la spiriti. Moja! Kamishna alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe chenye manyoya. Akapaa na kitambaa chake shingoni. Akapiga kioo, akapiga rafu ya poda, akatua kichwani kwa bwana harusi na kucha zote kumi na nane. Mimi kwa kiherehere nikarukia kumwokoa bwana harusi. Mashine ilikuwa bado mkononi, na bado inanguruma.

Njia imepita katikati ya kichwa chake, kutoka paji la uso hadi kisogoni. Imenyooka vizuri, sikatai.

Ilibidi kumnyoa kipara. Nilimpaka poda, naye akajiangalia kwenye kioo kilichopasuka, akauliza taratibu mchumba wake atamtambuaje. Nikamwambia atamtambua kwa sauti. Hakucheka.

Uso umenishuka mpaka magotini. Nimefunga saluni mapema na kupitia njia ya nyuma.


Alhamisi, 6 Juni

Nimegundua kosa langu. Spiriti ni kali. Kinachotakiwa ni mafuta! Mteja mmoja, muuza magodoro, ameniambia vidudu vya sikioni havipumui kwenye mafuta. Nikamuuliza amejuaje. Akasema kila mtu anajua.

Mafuta ya kupikia, basi. Nusu kikombe. Huenda yalizidi. Nikachukua na vijiti vya pamba nikachokonoa kwa bidii, ili uchafu utoke. Haukutoka. Nadhani umeingia ndani zaidi. Kamishna sasa anatembea na kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Alikwenda kujifuta kwenye gauni ambalo mke wangu alikuwa anamshonea mteja. Jeupe. La nani? La mchumba wa yule bwana harusi.

Mke wangu hakupiga kelele. Angepiga ningefurahi. Alikaa, akalitandaza gauni mapajani, akaniuliza kama nimeshawahi, hata siku moja, kufanya jambo bila kulizunguka. Nikajibu kwamba nalifikiria swali lake. Akasema Kamishna anaumwa, mimi nacheza.

Nilimtazama yule paka. Amekaa kona, mafuta yanamchuruzika, kichwa upande. Hata dharau imemwisha. Macho yake yalinikaa rohoni kuliko maneno ya mke wangu. Nikasema kesho nitampeleka kwa daktari, liwalo na liwe.


Ijumaa, 7 Juni

Mama mkwe amepiga simu alfajiri. Dada yake amepata nafuu. Anarudi Jumapili! Ameuliza Kamishna hajambo. Nikasema hajambo, amenenepa.

Maji yamenifika shingoni. Nikafikiri kwa haraka, na ninapofikiri kwa haraka huwa hatari. Paka akikutwa mgonjwa kwangu, nimekwisha. Paka akikutwa mgonjwa kwa mtu mwingine, je?

Nikambeba Kamishna kwenye kikapu hadi karakana ya mwanyumba. Nikamwambia nimeitwa kwenye semina ya vinyozi, siku mbili, nisaidie. Akavua miwani ya kuchomelea, akafuta mikono kwenye ovaroli na kumpokea kama anapokea mtoto mchanga. Hakuuliza semina ya nini. Alisema tu, "Nenda salama, ndugu yangu."

Nilisahau kwamba naye ana paka. Kipaka cha kike, kidogo kama ngumi, jicho moja. Alikiokota kwenye boksi la vyuma chakavu, akakiita Nati. Jitu lile lenye mikono kama sepetu linakinywesha maziwa kwa kijiko. Nikiwa naondoka, Nati alikuwa ameshajikunja ubavuni kwa Kamishna, sikio kwa sikio.

Nilisita mlangoni. Nilisita kweli. Kisha nikaenda semina, yaani nyumbani.


Jumamosi, 8 Juni

Semina ni ngumu. Saluni imefungwa, mapazia yameshushwa, siruhusiwi kukohoa. Mke wangu amesema yeye hatasema uongo kwa mtu yeyote. Nikamwambia hana haja ya kusema chochote, aishi tu kama mjane. Akasema anaanza kuona faida yake.

Mchana, hodi! Sauti ya mwanyumba. Nikaingia chini ya meza ya cherehani. Kitambaa kilinifunika, isipokuwa miguu, maana meza ni fupi na Mungu alinipa miguu.

Akakataa kukaa. Alimweleza mke wangu, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, kwamba ameyaona masikio ya Kamishna na kumkimbiza kwa daktari. Daktari akamulika ndani na tochi yake. Ni utitiri, vidudu vidogo visivyoonekana kwa jicho, vinaishi sikioni na kuhama kutoka paka hadi paka wakilala pamoja. Akamsafisha polepole, akatoa dawa ya matone. Kila siku, na usiache hata akiacha kujikuna, kwa sababu mayai yanaanguliwa baadaye. Na daktari ameshangaa nani alimwagia mnyama mafuta ya kukaangia.

Nikafunga macho, kana kwamba hiyo ingeficha miguu.

Kisha akapunguza sauti. Akasema daktari alimulika na masikio ya Nati. Wameshahamia. Kipaka kinajikuna, na kucha inapita karibu na lile jicho lake moja. Amelazimika kuzikata kucha, na usiku amekaa amemshika miguu ili asijiumize. Alisema, "Jicho hilo likienda, shemeji, sijui nitamwambia nini."

Mke wangu alikuwa amesimama kando ya meza. Ncha ya kiatu chake ilinigusa mguuni, mara moja, si kwa upole.


Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe amefika. Tulikutana sote sebuleni kwa mwanyumba. Nikaja na begi, kama mtu wa kutoka semina. Ndani ya begi mlikuwa na mto.

Alikuwa ameshapita kwake, na jirani yake daktari amemweleza yote. Alisimama katikati ya chumba na mkoba wake begani, akamuuliza mwanyumba ilikuwaje. Mwezi mzima paka mzima, siku mbili tu kwako ameharibika! Kumbe unajua vyuma tu, viumbe huviwezi!

Mpango wangu ulikuwa umetimia, neno kwa neno. Sijawahi kuona mpango wangu ukitimia. Nikalikumbatia begi langu.

Akanigeukia mimi, akaniuliza nilimwacha katika hali gani. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Chumba kizima kilinisubiri. Mdomo wangu ukafunguka, na mimi nikausikiliza kama wengine. Ukasema, "Nilimwacha mzima, mama."

Mke wangu akatoka nje.

Mwanyumba alinitazama. Nati alikuwa amelala kwenye kiganja chake. Kisha akainamisha kichwa akasema, "Samahani, mama. Ni uzembe wangu. Sitarudia."

Jitu lile! Lingeweza kuninyanyua kwa kidole. Kuna aibu ya kuonekana, hiyo naijua, tumezoeana. Hii ya kutoonekana ni nyingine. Haina pa kutokea.

Baadaye nilimfuata uani. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa anaosha kijiko cha Nati. Akasema, "Miguu yako naijua, ndugu yangu. Mtu anayejificha chini ya meza nyumbani kwake mwenyewe ana shida kuliko paka." Akaongeza kwamba mama mkwe alikuwa amechoka na safari, hakuona faida ya kumpa mkwe wa pili wa kumkasirikia.

Nililia kidogo. Nikasingizia moshi. Karakana ilikuwa imefungwa, hapakuwa na moshi.


Jumanne, 11 Juni

Mimi ni mtu mpya!

Mwanyumba amepata kazi ya kuchomelea paa la shule moja mbali, hatakuwepo mpaka wiki ijayo. Nimemwomba aniachie Nati. Mkewe hakutaka. Yeye akakubali, akaniwekea chupa ya dawa mkononi na kunifundisha: mwinamishe kichwa, matone, kanda taratibu shina la sikio, muache atikise. Kila siku, usiache.

Nimempa leo. Alinguruma kifuani mwangu, kainjini kadogo. Mke wangu alituona akakaribia kutabasamu. Karibu.

Nimeapa: Ijumaa nakwenda kwa mama mkwe kumweleza kila kitu. Uani, mafuta, meza, begi, mto.


Ijumaa, 14 Juni

Nimekwenda. Nimevaa shati la heshima. Nimeanza vizuri, nikasema, mama, kuhusu utitiri, mwanyumba hana hatia.

Mama mkwe akaweka chini kikombe chake. Akauliza, kumbe nani mwenye hatia?

Sijui ilitokaje. Dirisha lilikuwa wazi, na ukutani kwa jirani alikuwa amekaa paka wa daktari, mweupe, anaota jua. Nikamtazama. Mama mkwe akafuata macho yangu. Nikasema tu kwamba utitiri lazima uwe umetoka mahali fulani, na kwamba wanyama wagonjwa wa mji mzima wanapita nyumba gani? Sikumtaja mtu.

Mama mkwe akasimama, akafunga dirisha kwa kishindo. Akasema amekuwa akimshuku yule daktari mwanamke tangu zamani. Amempigia simu mwanyumba hapo hapo na kumwomba radhi, hadi machozi. Mwanyumba amesafishika kabisa! Nilichotaka kimepatikana, bila kumtia mama mkwe uchungu wa kujua mambo mengi kwa mkupuo. Ni kweli hasemeshani tena na daktari, lakini majirani hugombana, ni kawaida.

Mke wangu nimemsimulia. Ameniangalia, kisha akaenda kulala na mchana wote huu.


Jumapili, 16 Juni

Nati hajikuni tena. Masikio safi, ya pinki. Sasa dawa ya nini? Madaktari hupenda kurefusha mambo. Jana sikumpa, leo sikumpa, na yu mzima anacheza na uzi. Nimeokoa zaidi ya nusu ya chupa.

Imekuja kwa wakati. Sikio langu la kushoto linawasha tangu jana jioni, ndani kabisa, mahali kidole hakifiki. Mke wangu amesema niende hospitali. Foleni yote ile! Tena kwa sikio!

Nimesimama mbele ya kioo, nikainamisha kichwa, nikajitilia matone matatu ya dawa ya Nati. Yeye ni mdogo, mimi ni mkubwa, kwa hiyo nikaongeza matano. Ya baridi kidogo. Yananguruma. Mke wangu anasema kitu kutoka mlangoni, anapunga mikono, lakini upande huo sisikii vizuri.

Nadhani ananipongeza.