Kijani Kilivyovuka Ukumbi wa Mpendae

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeonewa! Mwalimu Mkuu Abrahman kamteua Haroub kuwa mshereheshaji wa mhadhara wa shemegi yangu. Dk. Khairiya ni mdogo wake mke wangu, Yusra. Anafanya kazi maabara huko Ulaya, yuko likizo, na Alhamisi atazungumza skuli ya Mpendae namna wanavyochora ramani ya ubongo kwa kutumia virusi. Sasa atambulishwe na Haroub? Mtu anayefungua kila shughuli kwa kukohoa kwenye kipaza sauti?

Nikamwendea Mwalimu Mkuu. Nikamwambia Khairiya hataki kutambulishwa na mtu yeyote ila Makungu, yaani mimi. Khairiya mwenyewe hana habari. Haroub kateremshwa daraja: atapokea masinia ya sambusa kwa Bi Ulfat, dada yake Mwalimu Mkuu, mjane, anayeandaa chai. Ushindi!

Jumanne, 5 Agosti

Khairiya kanieleza kazi yake. Wanachukua kirusi cha kichaa cha mbwa, wanakipunguza makali, wanakipachika jeni inayong'aa kijani, kisha wanakitia kwenye seli ya ubongo wa panya. Kinaruka mpaka kwenye seli zinazozungumza na ile. Zote zinang'aa. Ukitazama kwa hadubini unajua nani anazungumza na nani. Nimeelewa yote isipokuwa pale katikati, maana nilikwenda mlangoni kupokea mkate wa kumimina. Si neno. Wazo limeshanijia.

Jumatano, 6 Agosti

Unga wa rangi ya keki! Mkavu hauonekani. Ukishika jasho unageuka kijani kama kasuku. Kesho nitajipaka kiganjani, nimpe mkono Mwalimu Mkuu peke yake. Kiganja chake kitageuka mbele za watu, nami nitatangaza: ndivyo kirusi kinavyoruka!

Nimejaribu kwa paka wa jirani. Jaribio limefanikiwa sana. Jirani hakubali kuwa ni sayansi. Yusra kasema nisithubutu. Nimemwambia sithubutu.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika kwa mkono wa kijani.

Nilimpa mkono Mwalimu Mkuu, kama nilivyopanga. Sikupanga kuwa yeye naye angewapa mkono wazee wote wa safu ya mbele, na wazee wawape wa nyuma yao. Khairiya kaanza kuzungumza. Umeme ukazima. Mapangaboi yakasimama. Jasho! Upande wa wanaume wote ukawa kijani. Mwalimu Mkuu ana tabia ya kuchezea ndevu. Ndevu kijani!

Yusra kanitazama. Nikatazama dari.

Mara kelele kutoka upande wa wanawake. Nao kijani! Wanaume walisalimiana huku, wanawake kule. Nani kavusha?

Nilitafuta mlango wa kutokea. Khairiya alikuwa anacheka mpaka machozi. Akasema hii ndiyo kazi yake hasa. Turudi nyuma hatua moja moja. Kila mwanamke aseme kapewa mkono na nani. Huyu na yule, yule na huyu, wote wakaishia kwa Bi Ulfat.

"Na wewe Bi Ulfat, nani kakupa mkono?" akauliza Khairiya.

Haroub akasimama penye masinia, akakohoa.

"Nlikuwa nnapokea sinia," akasema. "Mikono ikagongana."

"Sinia gani?" akasema Bi Ulfat. "Sambusa zimepoa bado umenishika mkono. Sema ukweli, Haroub, nshachoka kungoja."

Haroub akasema ukweli. Anataka kumposa tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, ila anamwogopa kaka yake. Mwalimu Mkuu akashika ndevu zile, akafikiri.

"Njoo Jumapili na wazee wako," akasema.

Vigelegele! Wanawake walipiga makofi, kijani kikaruka hewani. Nikashika kipaza sauti nikasema yote haya nilikuwa nimeyapanga.

Jumamosi, 9 Agosti

Mji mzima unazungumza. Watoto wa skuli wanajua kirusi kinavyoruka kuliko wanavyojua kuzidisha. Khairiya kanieleza kile kipande cha katikati: kirusi chao wanakinyang'anya jeni ya kuendelea mbele, kiruke hatua moja kisimame. Kisiposimama, kinaenea kote na ramani haina maana.

"Sasa umefahamu, shemegi?"

Nikamwambia naam, nimefahamu sana.

Jioni kaja Haroub. Kiganja bado kijani, uso chini. Hawezi kusherehesha harusi yake mwenyewe. Je, mimi nitakubali? Nikamwacha angoje mpaka chai ikamwishia. Nikakubali!

Ijumaa, 22 Agosti

Harusi keshokutwa. Yusra kaniapisha: kijani marufuku. Nimeapa kwa moyo safi. Lakini watu wa kwa bwana harusi hawawajui watu wa kwa bibi harusi, na ni kazi ya mshereheshaji kuwaunganisha. Nimenunua nyekundu. Mwenye duka kanihakikishia hii haitoki.