Geji ya Ndege Ndani ya Tenki ya Cucu

Wasee, leo nimeaibika. Si kidogo. Ploti nzima ya Kawangware inanijua sasa, na wengine walinijua miguu kabla ya uso.

Mnajua mimi na wife tumekuwa tukitafuta nyumba. Hapa Soweto West tuko na chumba kimoja, na mtoto yuko njiani, hana habari kwamba hata beseni lake halina pa kukaa. Juzi beste ya wife akamwambia kuna nyumba kwa Cucu mmoja, nyanya mjane, ploti safi, maji iko. Shida ni moja: Cucu hachukui mtu hivi hivi. Lazima mketi, mnywe chai, akuangalie vizuri.

Leo tukafika kwake. Chai ikamiminwa.

"Unafanya kazi gani, kijana?"

"Mimi ni fundi wa ndege, Cucu." (Bado nasomea. Kazi yangu kubwa ni kushika tochi fundi mwenyewe akiingiza mkono kwa injini.)

Cucu akaweka kikombe chini. "Basi ni Mungu amekuleta."

Kumbe binti yake wa mwisho amejifungua Mombasa, na amemkatia mama yake tiketi ya ndege. Cucu halali vizuri tangu asikie. Haogopi kwenda juu. Anaogopa mafuta! Marehemu mzee wake alikuwa na pikapu ambayo geji ya mafuta ilisema nusu miaka yote, tenki ijae, tenki ikauke, nusu.

"Nimeisukuma nikiwa na viatu vya kanisa," akasema. "Sasa huko juu nani atashuka asukume?"

Nikakohoa kama profesa. "Cucu, zile ndege ndogo ndizo zinakaribiana na pikapu. Kuna kitu kinaelea ndani ya tenki, kimeshikwa na mkono wa chuma. Mafuta yakishuka, kinashuka, na mshale wa geji unashuka."

"Hiyo ndiyo ya mzee wangu! Ilikwama!"

"Ndiyo maana zile kubwa hazitegemei cha kuelea. Zina vijiti vimesimama ndani ya tenki. Kila kijiti ni mabomba mawili membamba, moja ndani ya lingine. Halafu inapitishwa umeme, hii stima..."

"Stima?" Cucu akashika kifua. "Ndani ya mafuta?"

Wife akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Kidogo sana, Cucu! Haiwezi kuwasha hata kiberiti!"

"Kwani kiberiti huwashwa na stima?"

(Kila nilichoongeza kilizidi kumtisha.) Nikaona nyumba ikituponyoka. Nikatazama nje. Kwa kona ya ploti kulikuwa na tenki nyeusi ya maji juu ya stendi, na ngazi imeegeshwa. Nikasimama.

"Cucu, njoo nikuonyeshe."

"Rama, keti," wife akasema. (Ningeketi, saa hii singekuwa naandika haya.)

Nikachukua mti wa ufagio, nikapanda, nikafungua kifuniko. Maji yalikuwa chini kabisa. Nikatumbukiza ule mti, nikautoa, nikauinua juu.

"Ona! Hapa umelowa, hapa umekauka. Kile kijiti cha ndege hujua hivyo. Penye mafuta stima inakaa vingine, penye hewa inakaa vingine. Hakuna kitu kinasonga, kwa hivyo hakuna cha kukwama!"

Cucu akaitikia kwa kichwa polepole. Anaelewa! "Na ndege ikilala upande?"

Swali tamu hilo! "Ndiyo maana vijiti ni vingi, huku na huku, halafu kompyuta inajumlisha!" Nikainama ndani nimwonyeshe huku na huku. Mti ukaniponyoka. Nikaufuata.

Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Kiuno kikakataa.

Nikabaki hivyo, wasee. Nusu ndani ya tenki, miguu nje ikipiga hewa. Ndani giza tupu. Nikaita "Nisaidieni!" na tenki ikairudisha sauti kama spika ya krusedi ya kanisa. Nikasikia mama aliyekuwa akifua akisema, "Woi, tenki inaongea!"

Akaja mpangaji mmoja, Baba Kevo, jamaa wa mikono kama nguzo. Akapanda, akanishika miguu, akavuta. Suruali ikaja. Mimi nikabaki. (Nilikuwa nimeiazima kwa braza, na braza ana tumbo.)

Boksa? Msiniulize. Ilikuwa na dirisha nyuma, na leo ilikuwa nivae mara ya mwisho.

Ploti yote ilikuwa imetoka. Nilisikia wife anacheka kile kicheko chake cha kukosa pumzi. "Baba Kevo, polepole! Huyo ndiye wa pekee niko naye!" Akavuta tena. Ngozi kidogo ikabaki huko. Nikatoka, wakanipigia makofi.

"Sasa haya maji tutakunywa?" yule mama akauliza.

"Mchemshe," Cucu akasema.

Yeye hakucheka. Alinifunga leso yake kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akanirudisha ndani, akanimiminia chai nyingine.

"Rubani naye, akitaka kujua mafuta, huingia hivyo?"

"Hapana, Cucu. Husoma tu akiwa kwa kiti chake. Na kabla ya kuruka, wanalinganisha na mafuta yaliyowekwa."

"Na suruali iko juu?"

"Iko juu, Cucu."

"Basi nitapanda." Akamgeukia wife, akamshika mkono. "Nyumba ni yenu. Huyu anataka watu wa kumwangalia, na wewe peke yako hutaweza."

Tunahamia Jumamosi. Nahitaji watu wa kubeba vitu, na atakayecheka ndiye atakayebeba kabati.