Watu wa Kanisa Hawana pa Kwenda

Jumamosi, 2 Februari 1957

Mkutano wa chama, Msambweni. Kwaya yetu ya waliookoka imeimba mpaka makoo yakakauka, mimi nikiongoza, nikiwa na tai. Kisha Bwana Chirau, mwenyekiti wa tawi, akasimama kushukuru. Kawashukuru wavuvi. Kawashukuru wapiga ngoma. Kamshukuru dereva wa lori, naye alikuwa amelala! Sisi, hata neno.

Nikamfuata nyuma ya jukwaa, nikamkumbusha kiwanja cha makaburi alichotuahidi. Wakristo wa hapa hatuna pa kuzikana. Masika yaliyopita tulimbeba Bibi Jumwa kutwa nzima kwenye mvua, hadi makaburi ya misheni. Chirau akanipapasa bega, akasema tusubiri. Nilipogeuka nikamsikia akimwambia mwenzake: "Hao watu wa kanisa ni wetu tu. Hawana pa kwenda."

Hatuna pa kwenda! Uchaguzi ni mwezi ujao, wa kwanza kwa sisi Waafrika, na mtu anatuhesabu kama kuku wake wa bandani. Hajui kwamba kuku hawa wana mimi, Mramba.

Jumapili, 3 Februari

Baada ya ibada nimetoa hoja. Hakuna nyimbo, hakuna kura, mpaka tupate kiwanja. Waumini wakaitikia kwa kishindo. Mwalimu Tembo, mwenye sauti nzito na maswali mengi, akauliza nani atakwenda kuzungumza na chama. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hakuna aliyenitaja. Nikaendelea kuinamisha mpaka shingo ikaniuma. Mwishowe mke wangu Jemima akasema basi, aende huyu, lakini asisahau kinachotakiwa. Nisahau? Mimi?

Jumanne, 5 Februari

Mbinu ya leo: wivu. Nimekwenda Ukunda, nikaketi mkahawani na Abdurahman, mpiga debe wa mgombea mwingine. Nimeketi nje makusudi, jua la usoni, watu wa chama wanione. Abdurahman ni muungwana, kanikirimu kahawa na haluwa. Nikadokeza kuwa kanisa laweza kuhama. Akacheka sana. Akasema ndugu yangu, nyinyi si wa Chirau? Mbona kila mtu anajua!

Hatimaye akapita karani wa chama kwa baiskeli. Akaniona! Nikamwinamia Abdurahman sikioni, kama watu wenye njama. Jioni ikaja salamu kutoka kwa Chirau: amefurahi mno kusikia ninamshawishi Abdurahman aje kwetu. Niongeze bidii.

Si kitu. Ameanza kuniwaza.

Alhamisi, 7 Februari

Ushindi! Chirau kaniita kwake. Pilau, ya mbuzi. Kaniita Mheshimiwa, mara nyingi, mbele ya wakeze. Kisha akanivisha mkanda wa hariri ya kijani begani: Mshauri wa Chama katika Mambo ya Dini. Nitaketi safu ya mbele katika mkutano wa Jumamosi! Nikaahidi kwaya itaimba. Suala la makaburi nililigusia nikinawa mikono. Akasema litaangaliwa. Kuangaliwa ni hatua kubwa.

Nimefika nyumbani na mkanda wangu. Jemima akautazama juu hadi chini. Kisha akauliza kama nitazikwa ndani ya huo mkanda. Mwalimu Tembo, aliyekuwa kapita kuazima shoka, akacheka mpaka akaketi chini. Wivu ni kitu kibaya.

Jumamosi, 9 Februari

Niandike upesi kabla hasira haijapoa.

Uwanja umejaa. Mimi safu ya mbele, mkanda unang'aa. Chirau akatangaza kwaya ya wapenzi wetu. Wakapanda wote jukwaani, Jemima mbele, Tembo nyuma. Wakasimama. Hawakufungua midomo. Kimya! Nikasimama kuokoa jahazi: nikaanza sauti ya kwanza, nikarukia ya tatu, nikajitahidi na besi. Watu wakadhani ni mchekeshaji aliyeletwa na chama. Wakanitunza kwa makofi.

Chirau akauliza, kwa tabasamu la meno tu, kulikoni. Jemima akajibu, wala hakupaza sauti.

"Bwana Chirau, sisi tutaimba makaburini kwetu. Tuonyeshe yako wapi."

Nikamtazama mke wangu, nikaketi, sijui kwa nini. Hapo akasimama Mzee Suleiman, mkubwa wa wavuvi, mtu wa msikitini, asiyesema ovyo.

"Watu hawa ni jirani zetu," akasema. "Siku ile walipopita na jeneza kwenye mvua, sisi tulikuwa barazani tukitazama. Nimeona haya tangu siku hiyo. Maiti ana haki yake. Mwenyekiti, wape siku, na chifu awepo. Wavuvi nasi tunasubiri kusikia."

Wavuvi wote wakasema naam. Chirau akajipangusa jasho. Akasema Jumatatu. Akasema, inshallah, asubuhi.

Jumatatu, 11 Februari

Na kweli wamekuja! Chirau, chifu, Mzee Suleiman na wazee wenziwe. Kiwanja kiko upande wa juu wa barabara, udongo mwekundu mzuri, mbali na maji. Vigingi vimekitwa pembe zote. Kwaya ikaimba, Tembo akitetemesha ardhi, na Mzee Suleiman akasimama kwa adabu mpaka ubeti wa mwisho. Jemima akalia kidogo. Nikampa leso yangu. Chirau akamwomba aingie katika kamati ya tawi. Akajibu atafikiri, kwanza amwone huyo mwenyekiti akitimiza na mengine.

Mimi nilipewa kazi ya kushika ncha ya kamba ya kupimia. Kazi nyeti. Ukilegeza, makaburi yanapinda.

Nikitafakari sasa, mambo yote yamekwenda kama nilivyoyapanga. Bila mimi kuketi mbele, nani angeonekana amesusiwa? Jemima nilimweleza hivyo. Akasema nile, chakula kinapoa.

Jana nimesikia wagema minazi wa Kinondo wananung'unika kuwa chama kinawapuuza. Ni wengi, wana hasira, wamekosa kiongozi tu. Kwamba mimi nimeokoka na sijawahi kuonja wanachogema si kikwazo, bali ni kujitolea zaidi. Kesho asubuhi nakwenda kuwaambia wasiwe na wasiwasi: nina kanisa zima nyuma yangu.